Pritt: Wakili aliyewatetea Kenyatta na Nyerere

Mzazi mmoja wa hapa Msanzi alinifuata msikitini baada ya swala ya Alasiri akiwa na jambo linalomkera. Kijana wake amemaliza kidato cha sita, amefaulu, na anataka kwenda kusomea sheria chuo kikuu ili awe wakili. Mzee amesikia kwa watu, wengine wakiwa ni watu wa dini kabisa, kwamba kazi ya wakili ni kumsafisha mwizi kwa maneno matamu, na kwamba mahakama zenyewe si za Kiislamu, hivyo chumo lake halina baraka. Alitaka nimpe jibu la ndiyo au hapana kabla dirisha la maombi halijafungwa.

Sikumjibu siku ile. Suala hili nimelikuta mara nyingi kwa wazazi na wanafunzi, na limewazuia vijana wetu wengi. Matokeo yake tunayaona. Muislamu akishikwa, jamaa huanza kuulizana nani anamjua wakili, na huku kwetu Ufipa swali hilo huwapeleka Sumbawanga, au Mbeya, na mara nyingi huwarudisha mikono mitupu. Nikaona badala ya kumpa mzee fatwa ya mdomoni, nimsimulie habari za wakili mmoja ambaye maisha yake yanajibu pande zote mbili za swali lake, upande wa sifa na upande wa aibu.

Wakili huyo ni Denis Nowell Pritt, Mwingereza, asiyekuwa Muislamu, mtu aliyekuwa karibu sana na wakomunisti. Ndugu msomaji usishangae. Viongozi wawili walioongoza nchi za Kenya na Tanganyika kwenye uhuru walisimama kizimbani katika miaka ya 1950, na wote wawili mtetezi wao mkuu alikuwa mtu huyu. Pale Nairobi ipo barabara yenye jina lake mpaka leo, na nina hakika wengi wanaopita juu yake hawajui alikuwa nani.

Pritt alizaliwa mwaka 1887, London. Alipokelewa kuwa wakili mwaka 1909. Kule Uingereza mawakili wako namna mbili, wapo wanaoandaa kesi ofisini na wapo wanaosimama mbele ya jaji kuisema, na yeye alikuwa wa namna ya pili. Miaka yake ya mwanzo aliishi kwa kesi za madai, mambo ya mali na mikataba, na alipata fedha nzuri. Mwaka 1927 alipandishwa cheo kuwa Wakili wa Mfalme, daraja wanalopewa mawakili wakubwa wa nchi ile. Kwa siasa alianzia chama cha Conservative, akahamia Liberal, kisha Labour. Mwaka 1935 akaingia Bungeni kwa tiketi ya Labour, akafukuzwa chamani mwaka 1940 kwa kuiunga mkono Urusi ilipoivamia Finland. Wananchi wa jimbo lake walimrudisha tena mwaka 1945 akiwa peke yake bila chama. Alipoteza kiti mwaka 1950.

Mtu aliyekwishafika hapo angeweza kuzeeka kwa raha akila matunda ya kesi za madai. Lakini tangu miaka ya 1930 Pritt alianza kuchukua kesi ambazo mawakili wenziwe waliziepuka. Mwaka 1931 Waingereza walimkamata Hong Kong mwanamapinduzi wa Vietnam, Ho Chi Minh, na kumpeleka kwa Wafaransa ilikuwa ni sawa na kumpeleka kwenye kifo. Rufaa ilifika London kwenye Privy Council, baraza lililokuwa juu ya mahakama zote za makoloni, na Pritt ndiye aliyekuwa upande wa Ho. Kesi ikamalizwa kwa makubaliano, mtu akaachiwa, naye baadaye akawa rais wa nchi yake. Mwaka 1933, Wanazi walipowashitaki wakomunisti kwa kuchoma jengo la Bunge la Ujerumani, Pritt aliongoza tume ya wanasheria iliyokaa London kupima ushahidi. Tume ilisema washitakiwa wale wakomunisti hawana hatia. Mwezi Desemba mwaka ule ule mahakama ya Wajerumani yenyewe ikawaachia wanne kati ya watano.

Sasa tuje Kenya, maana hapa ndipo habari ilipo.

Tarehe 20 Oktoba, 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari, na usiku huo Jomo Kenyatta na viongozi wenzake wakakamatwa. Sheria za hali ya hatari ni jambo la kulifahamu vizuri. Nchi inakuwa nusu ya kiraia na nusu ya kijeshi, askari anakuwa na mamlaka ya polisi, na makosa ambayo jana yalikuwa ya kifungo, kama kukutwa na risasi, yanakuwa ya kunyongwa. Mpaka vita ile inakwisha, serikali ya kikoloni ilikuwa imewanyonga kwa amri za mahakama watu 1,090. Ni katika hali hiyo watu sita walifikishwa mahakamani kwa kuongoza Mau Mau, nao ni Kenyatta, Fred Kubai, Bildad Kaggia, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba.

Kesi haikupelekwa Nairobi. Walipelekwa Kapenguria, kijiji cha mbali kaskazini magharibi kuelekea mpaka wa Uganda, eneo ambalo mtu haingii bila kibali. Ili sheria ionekane imefuatwa, washitakiwa waliachiwa kwa jina tu na kukamatwa upya papo hapo Kapenguria, ipate kusemwa kwamba hakimu wa huko ndiye mwenye haki ya kuwasikiliza. Mahakama ikawekwa kwenye jengo la shule. Sisi wa Msanzi hatuhitaji kuelezwa sana maana ya jambo hili. Fikiria serikali inahamishia kwetu kesi kubwa kuliko zote nchini, hakuna hoteli, hakuna maktaba ya vitabu vya sheria, na mawakili kila siku wanatoka mji wa mbali kwa barabara ya vumbi. Ndivyo ilivyokuwa. Pritt na wenzake walilala Kitale, mwendo wa kama kilomita 40, na hoteli ya huko ilikuwa ya Wazungu, hivyo mawakili wenziwe weusi na Wahindi walitafutiwa malazi majumbani.

Wenziwe hao walikuwa ni akina nani? Alikuwapo Diwan Chaman Lall kutoka India, H. O. Davies kutoka Nigeria, na vijana wa Nairobi Fitz de Souza, A. R. Kapila na Jaswant Singh. Alikuwapo pia Dudley Thompson, mtu wa Jamaica aliyekuwa rubani wa kivita katika Vita Kuu ya Pili, na ambaye wakati huo ofisi yake ya uwakili ilikuwa hapa hapa Tanganyika, mjini Moshi. Hindu, Singasinga na Wakristo, wote walikwenda kumtetea Mkikuyu. Mimi napenda kuwaambia wanafunzi wangu wahesabu idadi ya nchi katika orodha ile.

Hakimu alikuwa Ransley Thacker, jaji mstaafu aliyerudishwa kazini kwa kesi hii moja. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba serikali ilimlipa Pauni 20,000, fedha nyingi mno kwa zama zile, na kwamba mara baada ya hukumu alipanda ndege akaondoka Kenya. Mkalimani wa mahakama alikuwa Louis Leakey, yule mtaalamu wa mifupa ya kale, aliyezaliwa kwa Wakikuyu na kuijua lugha yao. Lakini Leakey huyo huyo alikuwa ameandika dhidi ya Mau Mau na alikuwa na upande wake. Upande wa utetezi ukaipinga tafsiri yake mara kwa mara mpaka mwenyewe akajitoa. Pritt alijua kwamba neno moja la kiapo likitafsiriwa vibaya laweza kumfunga mtu, na wanaofundisha tafsiri ya Qur'an wanajua uzito wa jambo hilo.

Katikati ya kesi Pritt mwenyewe nusura awe mshitakiwa. Alipeleka simu ya maandishi kwa wabunge wanne wa Labour kule London akieleza jinsi utetezi unavyowekewa vikwazo na haki inavyonyimwa. Serikali ikamshitaki kwa kuidharau mahakama. Alisimama Nairobi, akashinda, akarudi Kapenguria kuendelea na kazi.

Nguzo ya mashitaka ilikuwa shahidi mmoja aitwaye Rawson Macharia. Alidai kwamba mwezi Machi 1950 alimuona Kenyatta kwa macho yake akilisha watu kiapo. Kumbuka kwamba Mau Mau yenyewe ilipigwa marufuku mwezi Agosti mwaka huo. Pritt alimbana kwa maswali, na upande wa utetezi ukaleta mashahidi kumi kupinga habari ile. Tarehe 8 Aprili, 1953, Thacker alisoma hukumu yake. Alikiri ndani yake kwamba anawakataa mashahidi kumi na kumwamini mmoja, na kwamba hasiti kufanya hivyo. Washitakiwa wote sita walipewa miaka saba na kazi ngumu. Rufaa zikapanda na kushuka. Mwaka 1953 Mahakama Kuu ikasema hakimu hakuwa na mamlaka ya mahali pale, mahakama ya rufaa ya Afrika Mashariki ikaipindua hukumu hiyo, na mwaka 1954 Privy Council ikakataa kulisikiliza shauri. Oneko peke yake alishinda rufaa, na pamoja na kushinda hakuachiwa, akawekwa kizuizini.

Kwa hesabu ya kawaida basi, Pritt alishindwa. Mzazi wangu wa Msanzi angeweza kuuliza, faida ya wakili iko wapi ikiwa hakimu amekwishalipwa?

Faida ilionekana baada ya miaka mitano. Kila swali ambalo Pritt alimuuliza Macharia lilikuwa limeandikwa, na kila jibu limeandikwa. Mwezi Novemba 1958 Macharia alitoa hati ya kiapo akisema alidanganya Kapenguria, na kwamba yeye na mashahidi wengine walinunuliwa. Yeye mwenyewe alikuwa ameahidiwa safari ya masomo Uingereza kwa gharama za serikali, na kweli alikwenda. Serikali ikafanya jambo ambalo hata mtoto angelishangaa. Haikumshitaki kwa uongo wa mwaka 1953, ilimshitaki kwa hati ya mwaka 1958, kwamba ndiyo ya uongo. Aliyesafiri tena kuja kumtetea ni nani? Ni Pritt. Alimtetea mtu yule yule aliyekuwa amemhoji kama adui. Macharia alifungwa, lakini katika kesi ile barua ya serikali inayotaja malipo yake iliwekwa mezani mahakamani, ulimwengu ukaiona. Kutoka hapo hakuna aliyeweza tena kuitaja hukumu ya Kapenguria bila kuona haya. Mwezi Agosti 1961 Kenyatta alikuwa huru.

Katika mwaka huo huo wa 1958 Pritt alifika Dar es Salaam. TANU ilikuwa imetoka kwenye mkutano wa Tabora wa mwezi Januari, uchaguzi wa kwanza ulikuwa unakaribia, na Mwalimu Nyerere aliandika katika jarida la Sauti ya TANU makala iliyowatuhumu wakuu wa wilaya wawili Wazungu kwa kuwaonea watu wa TANU. Akashitakiwa kwa kashfa, tena si kashfa ya madai bali ya jinai. Pritt aliongoza utetezi akiwa na Mahmud Rattansey, wakili wa Tabora, na K. L. Jhaveri wa Dar es Salaam. Mwezi Agosti Nyerere alitiwa hatiani, akaambiwa alipe faini ya Shilingi 3,000 au aende jela miezi sita. Faini ikalipwa. Wazee wetu wa mjini walisimulia jinsi watu walivyochanga, na katika wachangaji hao Waislamu wa Kariakoo na Gerezani hawakuwa nyuma. Huo ni mjadala mwingine ambao wasomaji wa safu hii wanaujua.

Jambo ambalo sipendi kuliruka ni lile lililofuata baada ya uhuru. Mwaka 1962 Bunge la Tanganyika lilipitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani, na Kenya ikapata yake mwaka 1966. Achieng Oneko, aliyekuwa kizimba kimoja na Kenyatta, aliwekwa kizuizini na serikali ya Kenyatta mwaka 1969 akakaa mpaka 1975. Kaggia alifungwa mwaka 1968. Kwetu, mwaka huo huo wa 1968, Sheikh Hassan bin Ameir, aliyekuwa Mufti na mpigania uhuru, alikamatwa na kurudishwa Zanzibar, hakukuwa na mashitaka, wala hakimu, wala wakili wa kuuliza swali hata moja. Hata kule Singapore, Pritt aliwatetea na kuwaokoa mwaka 1954 wanafunzi wa chuo kikuu walioshitakiwa kwa uchochezi, msaidizi wake akiwa wakili kijana Lee Kuan Yew. Lee alipokuwa Waziri Mkuu naye akawafunga wapinzani bila kesi. Inaonekana mtu husahau haraka sana ladha ya kizimba.

Na Pritt mwenyewe hakusalimika. Mwezi Agosti 1936 alikuwa Moscow, ameketi ndani ya mahakama ambamo Stalin aliwashitaki Zinoviev, Kamenev na wenzao, jumla watu 16. Walikiri makosa makubwa, hawakuwa na watetezi wa maana, na wote wakapigwa risasi. Pritt akarudi London akaandika kijitabu kuusifu uendeshaji wa kesi ile. Jicho lililoona kila tundu katika ushahidi wa Macharia halikuona kitu Moscow, kwa sababu walioshitaki kule walikuwa ni watu wa upande wake. Mwaka 1988 Warusi wenyewe walitangaza kwamba Zinoviev na Kamenev hawakuwa na hatia. Pritt alikuwa amekwishafariki tangu 1972, na katika uhai wake hakuonesha kulijutia andiko lile. Wapo wanaomsifu wakalificha hili. Mimi nadhani ndilo lenye mafunzo zaidi kwa Muislamu.

Kwani Allah (SW) amekwisha kulizungumza. Wafasiri wengi wanaeleza kwamba aya za Suratun Nisaa kuanzia ya 105 zilishuka kwa kisa cha Tu'ma bin Ubayriq, mtu wa Ansari aliyeiba deraya akaitupia lawama kwa Yahudi. Jamaa zake Tu'ma walikwenda kwa Mtume (SAW) wakitaka amtetee mtu wao, naye ni mwenzao katika dini, na mshitakiwa ni Yahudi. Qur'an ikashuka kumsafisha Yahudi na kumkataza Mtume asiwe mtetezi wa wafanyao khiyana. Katika sura hiyo hiyo, aya ya 135, waumini wameamrishwa wasimamie haki hata dhidi ya nafsi zao, wazazi na jamaa. Kwa kipimo hicho, Pritt wa Kapenguria alifaulu na Pritt wa Moscow alianguka, na mtu ni yule yule.

Ama kazi yenyewe ya kumsemea mtu mbele ya kadhi, haikuanza na Waingereza. Vitabu vya fiqhi vina mlango wake wa uwakala katika magomvi, na imepokewa kwamba Imam Ali bin Abi Talib (RA) hakupenda kuhudhuria mabishano ya kesi, akimtuma ndugu yake Aqil amsemee, na Aqil alipozeeka akamtuma Abdullah bin Ja'far. Mtume (SAW) naye ametahadharisha, katika hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim, kwamba huenda mmoja wa wagomvi akawa fasaha zaidi, hukumu ikampa kisicho chake, naye akawa amechukua kipande cha moto. Hadithi ile inamwonya anayeutumia ufasaha kuchukua cha watu. Haikumnyima mnyonge asiyejua kusema mtu wa kumsemea, na wanyonge wa namna hiyo huku kwetu wamejaa, wapo wenye kesi za mashamba, wapo wa kesi za mirathi, na wapo wanaokaa mahabusu miezi wakisubiri upelelezi ukamilike.

Haya ndiyo niliyomweleza mzee, kwa kirefu kuliko nilivyoandika, tukiwa tumeketi barazani kwake mpaka Magharibi ikaingia. Aliniuliza jambo moja tu, kwamba huyo Macharia alipomjia Pritt kuomba atetewe, Pritt hakuona kinyongo? Nikamwambia sijui alichokuwa nacho moyoni, najua tu kwamba alikuja. Maombi ya kijana yalitumwa Jumatatu iliyofuata. Mzee amempa mwanawe sharti moja, kwamba siku atakayosimama kumtetea ndugu yao wa ukoo aliyekosa kweli, kwa uongo, asije kulala nyumbani kwake.